Mizunguko Mitatu na Gumba

Jang'ombe, Unguja
12 Februari 2024

Mdogo wangu Riyama,

Assalaam alaykum, na marahaba ya shikamoo uliyomtuma Hisham aniletee mdomoni. Sie hapa wazima. Baba Lamya mgongo umempoa, leo kenda Darajani kwa miguu yake na karudi na samaki wawili wa changu, wabichi, nshawakaanga. Mimi mwenyewe goti tu. Kuku wangu wa tatu kaibiwa, mwizi namjua, lakini nimefunga mdomo maana ni jirani, na sitaki kumtaja Bi Mashavu kwa jina.

Picha yako kanionesha Hisham. Nywele umezikata kwa nini? Haya, hayo yako.

Nnakuandikia kwa mkono maana simu yangu Lamya ndiye anayeifungua, ndiye anayeniwekea bando, na ninayotaka kusema yanamhusu yeye. Hati yangu unaijua, darasa la nne ndio mwisho wangu, usicheke. Isome kwa sauti utanielewa.

Ni hicho kioo chako. Hisham kakileta na mzigo wake wa baiskeli anazozitoa huko kuja kuuza, kimefungwa utadhani meno ya dhahabu, kumbe ni kipande cha kioo si kikubwa kuliko nusu sabuni. Lamya alivyokiona karuka. Nikamwambia, "Mwanangu, kioo si kipo msalani?" Akanambia, "Hichi kina mistari, mama. Mistari mia sita ndani ya milimita moja."

"Nani kaihesabu?"

"Mama kaihesabu."

"Mama yupi? Mimi nnakaanga samaki."

"Mama mdogo."

Sasa hapo, Riyama. Zamani alikuwa akikwita mama mdogo moja kwa moja. Siku hizi "mdogo" mpaka umkamue. Nakwambia tu.

Basi akachukua blanketi langu akaziba dirisha, mchana kweupe, joto lile. Akawasha kijitochi cha leza chekundu akakipitisha kwenye kioo. Ukutani zikatoka nukta: moja katikati, nyengine kushoto na kulia, zimejipanga kama watu kwenye safu ya sala. Hapo wallahi nilisema subhanallah, sitakuficha. Akanieleza kwamba hivyo ndivyo unavyokijua kioo kizuri, kila nukta inasimama peke yake, safi. Mashine iliyochora mistari ikiwa ilisitasita, pembeni mwa nukta za kweli zinatoka nukta ndogo za uongo. Anaziita mizuka. Akapima kwa tepu yangu ya kushonea nukta na nukta, akaandika. Ndio kazi yake ya mwisho chuoni hiyo, kupima ubora wa vioo vya mistari kwa vitu vya nyumbani.

Kilichoniuma ni hichi. Akataka kitu cha kulinganishia. Akenda kabatini kwangu akatoa sidi ya harusi yangu, ati na sidi nayo ina mistari. Akaipiga leza. Nukta zikatoka zimevutika, mfano wa wanja uliochuruzika kwa machozi. Akatazama, akasema kama daktari, "Mama, yako mistari yake imepinda. Ya mama imenyooka."

Harusi yangu, Riyama! Imepinda!

Nikacheka. Ungefanyaje na wewe? Lakini nataka nikuulize: mtoto unamwandikia kila siku, asubuhi na jioni, mimi dada yako unanitumia salamu kwa Hisham. Kwa nini? Sina wivu. Nauliza.

Dada yako,
Mwanakheir

*

Ujerumani
3 Machi 2024

Dada Mwanakheir,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Nimeisoma kwa sauti jikoni, peke yangu, na nimecheka kuhusu kuku. Msalimie shemeji, mwambie asibebe mizigo. Hapa theluji imekwisha, imebaki tope. Mimi ni mzima.

Umeniuliza jambo. Kabla sijalijibu ngoja nikueleze kazi yangu, maana naona sijawahi kukueleza vizuri. Viwanda vinachora vioo hivi, kisha vinavileta kwetu tuvikague. Mimi nakaa chumba cha giza. Naupeleka mwanga kwenye kioo na natazama unatokaje. Napima nukta kuu, natafuta mizuka, na mwisho napima mwanga uliopotea, ule uliokwenda pasipo na nukta. Kioo kizuri hakipotezi mwanga. Ndiyo kazi yangu yote, dada, kutafuta mwanga uliopotea na kuandika sababu yake.

Jambo moja kubwa. Uso wa kioo hicho ni laini kuliko ukucha. Haufutwi. Haufutwi kwa kitambaa, haufutwi kwa kidole, hata pumzi hatuupumulii. Kikipata vumbi, kiachwe na vumbi lake. Mwambie Lamya akishike kwa kingo tu. Nimeshamwambia, lakini na wewe mwambie.

Dada, kwenye ile bahasha iliyokuja na kioo, mbali na karatasi ya Lamya, kulikuwa na karatasi ya pili, yenye jina lako. Nilikuandikia wewe kwanza. Hapa tunapokea wanafunzi wawili kwa mwaka mmoja. Kazi ya Lamya ikiwa nzuri, naweza kumwombea nafasi. Nilikuomba umwambie mwenyewe ukiridhika, na usiporidhika nisiendelee. Kwenye barua yako umetaja samaki, kuku, blanketi na sidi. Karatasi hiyo hukuitaja.

Mdogo wako,
Riyama

*

Jang'ombe
24 Machi 2024

Mdogo wangu Riyama,

Ramadhani karimu. Jua kali, lakini kufunga tunafunga, na futari haina mfano mwaka huu. Jana muhogo wa nazi, leo ndizi mbichi na papa, na kesho nafikiri tambi maana baba Lamya kashaanza kuziulizia toka asubuhi. Hisham kaja kufuturu hapa mara mbili, anakula kwa watu watatu, sijui huko safarini mnampa nini. Kuku kapatikana! Alikuwa katamia nyuma ya tangi la maji. Bi Mashavu nimemsamehe.

Karatasi ya pili sikuiona vizuri. Miwani yangu imekatika mkono.

Sasa habari ya kioo chako, na usikasirike. Kioo chako kibovu. Kwanza kilikuwa kizuri, nukta zinasimama, halafu Jumatatu Lamya kaja kutoka chuo, kaziba dirisha kama kawaida, kapiga leza, ukuta mzima umetapakaa wekundu. Nukta hazijulikani nyusi wala kope. Kageuza kioo, kasogeza tochi, kapima tena. Kakaa chini. Kalia mtoto, na funga yake, mpaka nikamwambia nyamaza utaharibu saumu.

Akaniuliza, "Mama, kuna mtu kaingia humu?"

Nikamwambia, "Nani aingie? Upepo tu."

Basi labda hivyo vioo vyenu havistahimili hewa ya bahari. Au mlituletea kilichokataliwa huko. Kioo nimemfungia Hisham kwenye kitambaa akurejeshee, kipime mwenyewe na mashine zako uone. Mimi si mtaalamu.

Na yule Bi Mashavu, namsamehe na yeye haachi kunichokoza. Lamya kapita na kitabu chake, Bi Mashavu mlangoni kwake anachambua mchele, ananambia mbele za watu: "Mwanakheir una bahati mwenzangu, binti yako ana mama wawili. Wewe wa kupika, na yule wa kumsomesha." Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa nguvu kuwashinda.

Ndio mji wetu huo. Eid njema ikifika.

Dada yako,
Mwanakheir

*

Ujerumani
28 Aprili 2024

Dada Mwanakheir,

Shikamoo, na Eid iliyopita iwe ya kheri kwenu. Mimi niliswali na Waturuki, wakanipa halua. Hisham kafika salama, kioo kanipa mkononi.

Nilikipima kabla sijakituma mwezi wa Januari. Ninayo picha. Kilikuwa safi, mizuka midogo sana, mwanga uliopotea karibu haupo. Jumamosi nilikuja kazini peke yangu nikakipima tena.

Mwanga unapotea mara arobaini zaidi ya mwanzo. Haikuwa hewa ya bahari, maana chumvi ingeacha madoa madogo yaliyotawanyika kila mahali. Hapa kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna mikwaruzo. Nikakiweka chini ya darubini. Mikwaruzo imekwenda duara. Mizunguko mitatu, mmoja juu ya mwengine, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwisho wa mzunguko wa tatu, pembeni chini, kuna alama ya kidole gumba iliyokandamizwa.

Dada, mama alitufundisha wangapi kufuta kioo cha kandili? Wawili. Kule Mkokotoni, kwenye ile baraza ya nyuma. Pumzi kwanza, halafu kanga, zungusha mara tatu, malizia kwa gumba lenye tone la mafuta ya nazi ili masizi yasishike. Sijamuona mtu mwengine duniani anayefuta hivyo. Hata mimi, siku nikisahau nikafuta miwani yangu, nafuta hivyo.

Kwenye karatasi ya kazi kuna mahali pa kuandika sababu. Nimepaacha patupu.

Lamya ananiuliza kila siku, "Mama mdogo, ilikuwa nini?" Namjibu bado napima. Sitamwambia. Si langu la kumwambia. Lakini uongo nao siuwezi, kwa hiyo kuanzia leo nitanyamaza, na yeye atadhani nimemchoka.

Sikuwahi kusahau nani alikuwa akifuta kile kioo mimi nikisoma.

Nakurejeshea. Hapa hakina kazi tena.

Riyama

*

Ujerumani
4 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Hisham anasema kakupa bahasha yako na kijiboksi mwenyewe, mlangoni, na ulimpa chai na vileja, na hukusema neno mpaka akaondoka. Hisham kasema, "Mwanakheir kunyamaza! Nilidhani kuna msiba."

Kazi ya Lamya inatakiwa hapa kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Bado hajajua kama anaombewa. Sikukumbushi kwa ubaya.

Uko mzima?

Riyama

*

Jang'ombe
12 Julai 2024

Mdogo wangu Riyama,

Niko mzima. Baba Lamya mzima. Miwani imetengenezwa, haikuwa imekatika sana. Kuku kaangua tisa, mmoja kachukuliwa na kunguru. Sasa nimemaliza habari, sina pa kujificha.

Ni mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya Ramadhani, saa nne asubuhi. Lamya chuoni. Nimefagia chumba chake, kioo kiko juu ya meza, na kile kijitambaa cheupe alichokitandikia. Mimi hapa nyumbani sina kitu kilichotandikiwa kitambaa cheupe. Nikakishika. Maneno ya Bi Mashavu bado yananiwasha masikioni, wa kupika, wa kupika. Nikakipumulia. Nikachukua ncha ya kanga. Mizunguko mitatu, na gumba, na lilikuwa na mafuta maana nilikuwa natayarisha mchanganyiko wa vibibi vya futari. Sikuchukua muda hata wa kusema bismillahi.

Ningeweza kukwambia mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nyengine mara nne wiki zile tano, na mara nne nimelichana. Barua yako ya kwanza ilikuwa imefika Jumamosi ya kabla yake, Riyama. Nimeisoma. "Haufutwi." Nilijua, nikafuta.

Na karatasi ya pili nimeiona siku ile ile ya kwanza. Ilikuwa chini ya godoro langu.

Unajua nini kilinishika? Darasa la nne nimetoka mimi kwa sababu mama kaugua na wewe mdogo. Sawa. Nikafuta kandili ukasoma, ukapita, ukaenda, nikafurahi, wallahi nilifurahi, nilitembea mtaa mzima kuwapa watu kashata. Nikasema mimi nitapata wangu. Nikampata Lamya. Na yeye naye anasoma kwa taa yako.

Basi barua yako ya mwisho ilivyofika, ile fupi, nikasema leo. Nikamngoja atoke kuswali laasiri. Nikamwambia, "Lamya, kaa." Akasema, "Mama nna kazi." Nikamwambia, "Kioo ni mimi."

Hakuelewa. "Wewe nini?"

"Nilikifuta. Kwa kanga. Nilijua hakifutwi."

Akanitazama. Angenipiga ningeona nafuu. Akauliza, "Kwa nini?" Nikanyanyua godoro nikampa karatasi ya pili. Akaisoma kasimama, akaisoma tena. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Siku tatu hakusema na mimi. Anasalimia, anakula, anakosha sahani yake. Babaake ananiuliza kuna nini, namwambia joto. Bi Mashavu kaja kunusanusa, "Mbona kwako kimya shoga?" Nikamwambia, "Mwanangu anasoma. Rudi kwako." Mara ya kwanza maishani namfukuza mtu mwenye habari.

Siku ya nne, mchana, nasikia blanketi linatolewa kabatini. Halafu sauti: "Mama!"

Nikaitika, "Naam."

"Njoo ushike tepu."

Nikaenda na unga mikononi. Akanitazama mikono. Nikarudi nikakosha mpaka viwiko.

Mezani kaweka sidi ya harusi yangu. Anasema muda hamna wa kupata kioo chengine, atafanya kazi nzima kwa sidi na kile kioo kilichoharibika, ataandika kizuri kilikuwaje, kibovu kimekuwaje, na mwanga umepotelea wapi. Nikamuuliza, "Na sababu utaandika nini?" Akasema, "Kilifutwa." Nikamwambia, "Andika na nani." Akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya sayansi, si baraza." Nikacheka, na yeye mdomo ukamcheza kidogo, akaurudisha.

Nikashika tepu ukutani, yeye kwenye tochi. "Usitingishike. Usipumue." Nisipumue vipi? Lakini nilijaribu. Nikasoma namba, akaandika. Nikasoma tena, akasema nimekosea, nikasoma tena. Siku nne tumefanya hivyo, Riyama, kila nukta mara kumi, na goti langu hili. Sikupika chochote, tumekula mkate wa boflo na chai. Baba Lamya kaona dunia imegeuka.

Na sikiliza hii. Kapiga hesabu zake, sidi yangu ina mistari mia sita na ishirini na kitu kwa milimita. Chako kina mia sita. Nimemwambia airudie hesabu mbele yangu mara mbili. Imepinda, sawa, imezunguka kama barabara ya Kizimkazi, lakini ni mingi kuliko yako. Nimemueleza na Bi Mashavu.

Kazi kaituma tarehe ishirini na nane. Jana umemwandikia kwamba kachaguliwa. Alipiga kelele, akanikumbatia, kisha akakumbuka kwamba bado kanikasirikia, akaniachia. Kisha akanikumbatia tena. Kusamehewa kwangu hakujaisha, kunakuja nusu nusu, nami napokea ninachopewa.

Oktoba atakuja kwako. Nimeridhika, andika popote panapotakiwa kuandikwa. Begi lake nshaanza kulipanga, anasema mapema mno, mwache aseme. Sidi anaibeba. Kioo changu kile ulichonirejeshea kanambia nikae nacho mwenyewe, yeye hakitaki. Nimekiweka dirishani. Jua la saa tisa likikipiga, ukutani panatoka rangi, zimetapakaa, nyekundu inakula manjano, lakini zipo. Kina vumbi sasa. Sikigusi.

Huko baridi, mvalishe. Pilipili asinunue, ntamfungia. Akirudi jioni mpe kitu cha moto kabla hujamuuliza habari za kazi, akiwa na njaa hajibu vizuri.

Na moja la mwisho, na hili nakuomba kama dada yako niliyekufutia kandili. Najua nilikwambia sina wivu. Akikwita mama hivi hivi, mkatize. Mwambie aseme mdogo.

Mwanakheir